Kujenga kasha la kompyuta la mbao lenye kupozwa kwa maji katika hali ya hewa ya Tanga

Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana mjini Tanga hufika nyuzi joto 32 au 33 za Selsiasi, na ndani ya chumba chenye paa la bati lisilo na dari huzidi hapo. Kompyuta iliyomo chumbani humo haina hewa nyingine ya kujipoza isipokuwa hiyohiyo. Jambo hili ni la kulishika tangu mwanzo, kwa sababu wengi wanaotamani mfumo wa maji hudhani kwamba maji yataleta ubaridi. Maji hayaleti ubaridi. Kazi yake ni kulibeba joto kutoka kwenye prosesa na kulifikisha kwenye rejeta, ambako feni hulimwaga katika hewa ya chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 32, maji yaliyomo kwenye mzunguko hayatashuka chini ya 32 hata ukifunga rejeta ya lori. Faida yake ni nyingine: hukuwezesha kulichukua joto mahali penye nafasi finyu na kulitolea mahali penye nafasi ya kutosha, kwa feni kubwa zinazozunguka polepole bila kelele.

Kwa hiyo wengine nitawapunguzia gharama hapa hapa. Kama prosesa yako ni ya wati 65 na huna kadi kubwa ya grafiki, kipoozi cha hewa chenye mabomba ya shaba na feni moja ya milimita 120 kinatosha, tena hakivuji. Mwongozo huu ni wa mwenye prosesa ya wati 125 au zaidi, anayehariri video au kuchora majengo kwa saa nyingi mfululizo, au wa yule anayependa tu kazi ya mikono na anataka kasha lisilofanana na la mtu mwingine. Sababu hii ya pili ni halali kabisa, na kwa kweli ndiyo inayowasukuma wengi.

Rejeta kwanza, kasha baadaye

Makasha mengi ya kujitengenezea huharibikia kwenye mchoro: mtu huchora sanduku la kupendeza, akalikata na kuligundisha, ndipo akaanza kutafuta mahali pa kuichomeka rejeta. Rejeta ikishabanwa kwenye kona, ikavuta hewa ileile iliyokwisha kupashwa moto na kadi ya grafiki, hakuna pampu wala kulanti (kimiminika kinachozunguka kwenye mfumo) itakayoiokoa kazi hiyo. Amua kwanza rejeta itakuwa na ukubwa gani, itavuta hewa kutoka wapi na itaitolea wapi, kisha ulijenge kasha kuizunguka.

Makadirio yanayotumiwa na wazoefu ni kwamba kila nafasi ya feni moja ya milimita 120 kwenye rejeta huweza kutoa takriban wati 100, feni zikiwa na mwendo wa wastani na maji yakiruhusiwa kulizidi joto la chumba kwa nyuzi 10. Prosesa ya wati 125 basi inahitaji rejeta ya nafasi mbili, yaani ya milimita 240. Chumba kikiwa na nyuzi 32, maji yatatulia karibu na 40, na prosesa yenyewe ikifanya kazi nzito itakuwa kati ya 65 na 75. Hapo ipo salama, kwa kuwa prosesa nyingi za kisasa huanza kujipunguzia kasi zinapofika nyuzi 95 au 100. Ukitaka kuipoza kadi ya grafiki ya wati 200 katika mzunguko huohuo, ongeza nafasi mbili nyingine za feni. Usijidanganye kwamba pampu yenye nguvu zaidi itafidia rejeta ndogo: lita moja ya maji ikipita kwa dakika huchukua wati 200 kwa kupanda nyuzi 3 tu, na ukiongeza kasi hadi lita nne, tofauti hiyo hushuka chini ya nyuzi moja. Tatizo haliko kwenye maji kulichukua joto, bali kwenye hewa kulipokea.

Rejeta mpya ya kompyuta huagizwa Dar es Salaam au nje ya nchi. Ipo njia nyingine ambayo kwa mkazi wa Pwani naiona ya busara. Magari yaliyotumika yanayotoka Japani huja na hita ya kupasha joto ndani ya gari, na ndani ya hita hiyo mna rejeta ndogo ambayo kwa hali yetu ya hewa ni nadra kuguswa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla rejeta za kompyuta hazijaenea madukani, wapenzi wa kazi hii nchini Marekani walikuwa wakizitafuta rejeta za namna hiyo, na ile ya gari la Pontiac Bonneville la mwaka 1977 ikapata umaarufu wa pekee. Kwa wauza vipuri vilivyotumika unaweza kuipata kwa bei ya kujadiliana. Hakikisha tu kwamba mapezi yake hayajalala, na kwamba midomo yake inaweza kuingia mpira utakaoutumia au kupunguzwa kwa kiungo.

Kabla ya kulipa, ikwangue kidogo kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Ikionyesha rangi nyekundu au ya manjano, ni ya shaba, na hiyo ndiyo unayoitaka. Ikionyesha weupe wa fedha hadi ndani, ni ya alumini, na hiyo iache hata ukipewa bure. Bloku za maji, yaani vipande vya chuma vyenye mifereji ya maji ndani vinavyowekwa juu ya prosesa, hutengenezwa kwa shaba, na shaba na alumini zikikutana ndani ya maji yaleyale hufanya kazi kama betri: alumini huliwa polepole, chembe zake huziba njia nyembamba za bloku, na mwishowe rejeta hutoboka. Kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu huchelewesha uharibifu huo lakini haiufuti.

Rejeta iliyotumika ioshwe kwa mchanganyiko wa siki na maji ya moto kwa kiasi sawa, ikae nusu saa, itikiswe, imwagwe, na zoezi lirudiwe mpaka maji yatoke bila uchafu. Suuza kwa maji mengi ya kawaida, kisha umalizie kwa maji yaliyokenekwa.

Vya kununua vipya

Bloku ya maji nunua mpya, ya aina inayoingia kwenye soketi ya prosesa yako. Kuichonga mwenyewe kunawezekana kwa mwenye mashine ya kuchongea chuma, lakini mifereji ya ndani ya bloku nzuri ni myembamba kuliko milimita moja, na tupa haifiki huko.

Pampu iwe ya volti 12, inayochukua umeme kutoka kwenye pawasaplai ya kompyuta. Wapo wanaotumia pampu za matangi ya samaki za volti 230 kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Siipendekezi, kwa sababu pampu hiyo huchomekwa peke yake ukutani: siku plagi itakapochomoka au swichi itakapozimwa na mtoto, kompyuta itaendelea kufanya kazi huku maji yamesimama. Pampu ya volti 12 huamka na kulala pamoja na kompyuta. Ikiwezekana, nunua iliyounganishwa na tangi lake, maana hilo hukuondolea viungo viwili, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Kuhusu viungo, kuna habari njema. Matundu ya bloku, pampu na rejeta za kompyuta yana uzi unaoandikwa G1/4, ambao ndio uzi ulionyooka wa robo inchi wa kipimo cha Kiingereza, familia ileile ya mabomba tunayoyatumia majumbani. Kwa hiyo fitingi za shaba za robo inchi zenye meno ya kushikia mpira, zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya kompresa, zinaweza kuingia. Sharti lake ni kwamba uzi uwe ulionyooka na fitingi iwe na ringi ya mpira chini ya kichwa chake. Fitingi ambayo uzi wake unapungua unene kuelekea nchani itaingia mizunguko michache, itakaza, na ukiilazimisha itapasua kifuniko cha plastiki cha bloku. Vilevile usifunge ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kinachozuia maji hapa ni ringi, wala si uzi, na vipande vya tepu vikikatika huishia ndani ya bloku. Kaza kwa vidole, kisha robo ya mzunguko, basi.

Mpira uwe wa kipenyo cha ndani cha milimita 10 na cha nje milimita 16. Unene huo huuwezesha kupinda bila kujikunja na kuziba. Mpira mweusi wa EPDM, wa jamii ya ile ya kulanti za magari, hauvutii macho lakini hudumu. Ule unaopitisha mwanga wa madukani hugeuka kuwa na ukungu baada ya muda, kwa sababu kilainishi chake hutoka na kuingia kwenye maji.

Mbao, vipimo na vyumba viwili

Mkoa wa Tanga una bahati ya mbao. Shamba la miti la Longuza, wilayani Muheza, ni la misaji, na msaji ni mti wenye mafuta ya asili unaostahimili unyevu na mchwa kuliko mbao nyingi. Hata hivyo, sishauri kuta zote ziwe za msaji mzima. Ubao mpana hutanuka na kusinyaa kwa upande wa upana wake kila masika yanapoingia na kutoka, na ukuta uliobanwa pande zote hupinda au kupasuka. Tumia msaji kwa fremu na kwa uso wa mbele unaoonekana, na kuta zifanye kwa plaiwudi ngumu ya milimita 18, ile ambayo wauza mbao huiita marini. Ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa usiuguse: kwenye unyevu wa Tanga huvimba kingo, na tone la maji huumaliza.

Mpango ninaoupendekeza ni kasha lenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa kati. Chumba kikavu hukaa madabodi (bodi kuu ya kompyuta), kadi na pawasaplai. Chumba cha maji hukaa rejeta, pampu na tangi. Mipira miwili tu ndiyo inayopita ukutani kwenda kwenye bloku na kurudi. Kwa mpangilio huo viungo vyote, isipokuwa viwili vya bloku, vitavujia upande usio na umeme wa kuharibika, na rejeta hupata njia yake ya hewa isiyochanganyika na joto la vitu vingine.

Kwa madabodi ya kipimo cha Micro-ATX, ambayo ni milimita 244 kwa 244, chumba kikavu kiwe na upana wa milimita 190, kimo cha 400 na kina cha 330. Chumba cha maji kiwe na upana wa 140, kimo na kina vilevile. Ukuta wa kati ukiwa wa plaiwudi ya milimita 12 na kuta mbili za nje za 18, upana wa nje utakuwa milimita 378, na kimo cha nje 436. Mpelekee seremala mwenye mashine vipimo hivyo akukatie vipande vikiwa na pembe mraba. Kazi ya msumeno wa mkono hapa huonekana, na pengo la milimita mbili kwenye kona hupitisha vumbi mwaka mzima.

Kuna kipande kimoja ambacho hupaswi kuhangaika kukitengeneza: sehemu ya nyuma yenye tundu la soketi za madabodi na mianya ya kadi. Tundu hilo ni la milimita 158.75 kwa 44.45, na mianya ya kadi hupishana kwa milimita 20.32, vipimo visivyovumilia kukosewa. Nenda kwa fundi wa kompyuta, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni hawakosekani, umwombe kasha bovu la chuma. Likate utoe ubao wa chuma wa kufungia madabodi pamoja na kipande chake cha nyuma, upige tupa kingo zake, uzipake rangi ya kuzuia kutu, kisha uvifunge kwenye ukuta wa kati kwa skrubu. Umepata vipimo sahihi bila kupima, na umepata jambo la pili lenye uzito zaidi. Kasha la chuma huunganisha vyuma vyote vya kompyuta na waya wa ethi kupitia ganda la pawasaplai. Kasha la mbao halifanyi hivyo. Unganisha ubao huo wa chuma na ganda la pawasaplai kwa waya mnene, ukiubana kwenye mojawapo ya skrubu nne za nyuma za kuifungia pawasaplai, mahali palipokwanguliwa rangi. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Rejeta isimame wima nyuma ya uso wa mbele wa chumba cha maji, feni zikiwa kati yake na uso huo, zikivuta hewa ya chumba moja kwa moja na kuisukuma kupita kwenye mapezi. Matundu ya skrubu ya feni ya milimita 120 yako milimita 105 kutoka moja hadi jingine. Tengeneza kiolezo cha karatasi ngumu, ukibandike, utoboe. Kuwa mwangalifu na urefu wa skrubu. Feni ina unene wa milimita 25, na skrubu inayoingia zaidi ya milimita chache ndani ya rejeta hugusa mfereji wa maji na kuutoboa, hasara ambayo haina kiraka cha kuaminika. Pima kila skrubu kabla ya kuizungusha, ukihesabu na unene wa chochote kilicho kati.

Midomo ya rejeta ielekee juu, la sivyo hewa itanaswa katika kichwa chake cha juu na haitatoka. Nyuma ya chumba hicho acha uwazi wa milimita 120 kwa 200, ambao ni sentimita za mraba 240, sawa na eneo la feni hizo mbili na zaidi kidogo. Uwazi wa kutolea hewa ukiwa mdogo kuliko wa kuingizia, feni zitapiga kelele bila faida. Kasha likae angalau milimita 150 kutoka ukutani.

Chumba kikavu nacho kinahitaji feni yake moja ya milimita 120 inayoingiza hewa kutoka mbele. Wengi husahau kwamba kipoozi cha kawaida cha prosesa, pamoja na kuipoza prosesa, hupuliza pia vipande vya kudhibiti umeme vilivyoizunguka. Ukikiondoa na kuweka bloku ya maji, vipande hivyo hubaki katika hewa iliyotulia, na huweza kuungua wakati prosesa yenyewe ni baridi.

Chini ya chumba cha maji weka sinia lenye kingo. Fundi bati atakukunjia la sentimita 13 kwa 32 lenye kingo za sentimita 2.5, ambalo hubeba zaidi kidogo ya lita moja, yaani karibu maji yote ya mzunguko wa ukubwa huu. Ni kazi ndogo ya bei ndogo, na sijui kwa nini makasha ya viwandani hayana kitu hiki.

Chumvi ya baharini ndiyo adui asiyeonekana. Skrubu zote ziwe za chuma kisichoshika kutu, hasa kwa wakazi wa Raskazone na kando ya bahari. Kingo za plaiwudi zipakwe vanishi mara tatu, zikipigwa msasa mwembamba kati ya mkono mmoja na mwingine, kwani unyevu huingilia huko kuliko kwenye uso. Kwenye matundu ya kuingizia hewa funga wavu wa dirisha wa kuzuia mbu katika fremu inayotoka, ili uoshwe kwa maji ya bomba kila mwezi. Kitambaa kizito usitumie, kwa sababu huzuia hewa pamoja na vumbi.

Kuunganisha mzunguko

Mpangilio wa vipande una sharti moja lisilovunjwa: tangi litangulie pampu na liwe juu yake, ili maji yaiteremkie yenyewe. Pampu hizi hulainishwa na maji zinayoyasukuma, na zikizunguka kavu kwa muda mfupi tu huharibika. Mdomo wa kujazia wa tangi uwe mahali pa juu kuliko vyote, karibu milimita 380 kutoka chini, huku midomo ya rejeta ikiwa chini yake. Baada ya hapo, kama maji yataanza kupita kwenye bloku au kwenye rejeta si jambo la kubishania. Kama nilivyokwisha kueleza, tofauti ya joto kati ya sehemu moja ya mzunguko na nyingine ni ndogo. Chagua njia yenye mipira mifupi na mikunjo michache. Mahali pa chini kabisa weka kiungo cha njia tatu chenye koki ndogo ya kutolea maji. Ukiiacha koki hiyo leo kwa kubana matumizi, utaijutia siku ya kubadilisha kulanti.

Kata mpira kwa kisu kikali, ukate wima, na uuloweshe mwisho wake kwenye maji ya moto kabla ya kuusukuma kwenye meno ya fitingi. Kila mwisho uwe na klipu. Panapopita ukuta wa kati, tundu liwekewe ringi ya mpira ili ukingo wa mbao usiusugue mpira. Kwenye prosesa paka pesti ya joto kiasi cha punje ya mchele, kisha kaza skrubu za bloku kwa kupishana pembe, kidogo kidogo.

Kupima uvujaji kabla ya maji

Hatua hii ndiyo inayotofautisha fundi na mbahatishaji, na vifaa vyake vinapatikana kirahisi. Tafuta mashine ya kupimia presha ya damu ya mkono, ile yenye saa na mpira wa kuminya, inayouzwa katika maduka ya dawa. Saa yake husoma hadi milimita 300 za zebaki, ambazo ni kama bari 0.4, shinikizo linalofaa kabisa kwa mzunguko wa kompyuta. Chomoa kitambaa cha mkononi, uunganishe mpira wake na mdomo wa kujazia wa tangi kwa fitingi na klipu, ufunge njia nyingine zote, kisha minya mpaka saa isome 250. Pampu ya baiskeli, ambayo hapa Tanga haikosekani uani, isitumike bila saa ya namna hiyo: msukumo wake mmoja au miwili mizito inaweza kupita kiwango na kung'oa ringi.

Subiri nusu saa, kasha likiwa kivulini na mbali na feni. Joto la hewa iliyofungiwa likibadilika kwa nyuzi moja, mshale husogea kama milimita 3, kwa hiyo mteremko mdogo wa namna hiyo usikutishe. Ukishuka kwa 10 au 20, kuna kiungo kinachopumua. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha chumba cha maji utazame viputo. Kwenye viungo vya bloku, vilivyo juu ya madabodi, ni salama zaidi kuifungua bloku na kuipimia nje.

Maji gani?

Si ya bomba, na si ya kisima. Maji ya visima vya Tanga hupita katika mawe ya chokaa, mawe yaleyale yaliyofanya mapango ya Amboni, na karibu na bahari huongeza chumvi. Chokaa hiyo itaganda ndani ya bloku mahali palipo na joto zaidi. Tumia maji yaliyokenekwa, yanayouzwa katika vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari. Hapa soma lebo mara mbili, kwa kuwa jina la maji ya betri watu hulitumia pia kwa ile asidi ya kujazia betri mpya. Asidi hiyo itaila shaba, na ikikurukia itakuunguza. Muulize muuzaji waziwazi kama ni maji ya kuongezea au ni makali.

Maji matupu, hata yakiwa safi, huota mwani na kuruhusu kutu. Changanya sehemu nne za maji hayo na sehemu moja ya kulanti ya gari isiyokwisha kuchanganywa, iliyo salama kwa shaba. Usizidishe, kwa sababu glikoli hubeba joto kidogo kuliko maji na huyafanya yawe mazito. Ethilini glikoli ina utamu na ni sumu kali kwa watoto, paka na mbuzi; chombo chake kiwe na kifuniko na kikae juu.

Nimesikia wazo la kutumbukiza barafu kwenye tangi ili kuushinda mwezi wa Februari. Chumba chenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 27. Bloku na mipira yako itatoa jasho juu ya madabodi, na utakuwa umelileta mwenyewe lile vujo ulilotumia siku nzima kulizuia.

Kujaza na kuwasha

Chomoa nyaya zote za umeme zinazokwenda kwenye madabodi na kadi, ubakize pampu peke yake. Ili pawasaplai iwake bila madabodi, zima swichi yake, kisha katika soketi yake kubwa ya pini 24 unganisha kwa kipande cha waya pini namba 16, ambayo kwa kawaida huwa na waya wa kijani, na pini yoyote ya waya mweusi. Katika pawasaplai ambazo nyaya zake zote ni nyeusi, fuata namba kwenye mchoro wa mtengenezaji, usibahatishe. Jaza tangi, washa kwa sekunde chache, zima kabla tangi halijaisha, jaza tena. Endelea hivyo mpaka maji yazunguke, kisha ulilaze kasha upande huu na ule ili viputo vipande. Funga karatasi laini chini ya kila kiungo, uache pampu izunguke kwa saa 24. Karatasi ikiwa kavu yote, unganisha umeme uliobaki.

Waya mwembamba wa pampu unaotoa taarifa ya mzunguko uchomekwe kwenye soketi ya feni ya prosesa, ili madabodi itoe onyo pampu ikisimama. Umeme wake wenyewe utoke kwenye pawasaplai moja kwa moja. Soketi nyingi za madabodi huvumilia ampea moja tu, na pampu kubwa huhitaji zaidi.

Ukiwasha, tazama joto kwa programu ya kupimia huku prosesa ikipewa kazi nzito, na uangalie namna linavyopanda. Likiruka hadi 90 ndani ya sekunde chache, bloku haijakaa sawa au pampu haizunguki. Likipanda taratibu kwa dakika 20 au 30 bila kutulia, bloku haina kosa; rejeta ni ndogo, au hewa ya moto inarudi mbele ya feni. Kasha likisogezwa mbali na ukuta na joto likashuka, umepata jibu.

Kila mwezi osha wavu na utazame kiwango cha maji kwenye tangi, kwa kuwa kiasi kidogo hupotea kupitia mpira. Ongeza maji yaliyokenekwa pekee, maana kinachopotea ni maji na si kulanti. Mara moja kwa mwaka, ikiwezekana kabla ya kaskazi kuanza, toa yote kwa koki, tazama rangi yake, na kama ina ukijani wa shaba au matope, fungua bloku uisugue kwa mswaki laini. Kulanti ya zamani iweke kwenye dumu lililoandikwa na uipeleke gereji wanakobadilisha kulanti za magari. Usiimwage mtaroni, ambako mbuzi hunywa.